Mbwa Mkubwa Anapomgeukia Mtoto: Somo la Kubeba Likizo

Wanachuo wenzangu, likizo ndefu inakaribia. Wa Mbinga tutaunganisha gari Songea, na wengine watateremka mlima hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi. Ukifika nyumbani kuna kesi huenda ikawa inakusubiri: "Wewe si umesoma? Hebu tuambie, huyu mbwa amekuwaje? Jana kamng'ata mtoto wa mbwa nusura amuue." Haijalishi unasomea uhasibu au ualimu wa Kiswahili. Kijijini aliyeko chuo ni daktari wa kila kitu.

Nimeandika somo hili ili usijibu kwa kubahatisha, kwa sababu jibu lako lina uzito. Kwetu Umatengo mbwa ni mfanyakazi. Mahindi yakikomaa kwenye ngoro, yeye ndiye anayefukuza nyani, tumbili na nguruwe pori. Msimu wa kahawa analala nje akilinda. Kule ziwani anazuia wezi wa samaki, ingawa mara nyingine mwizi ni yeye mwenyewe. Lakini mfanyakazi huyu akionekana "kabadilika", hukumu yake hutolewa jioni ileile, na adhabu ni rungu. Kwa njia hiyo anauawa mama aliyekuwa anafundisha wanawe, au mzee mwenye jino bovu. Na mara chache anaachwa yule mwenye kichaa, kwa sababu eti "huyu ni mpole, hajawahi kuuma mtu". Hizo mara chache ndizo zinazozika watoto.

Kwa hiyo shika maswali matatu, na uyaulize kwa mpangilio huu. Kwanza, je, hiki ninachokiona ni malezi ya kawaida? Pili, kama si malezi, mbwa huyu analinda nini, anaumwa nini, au anaogopa nini? Tatu, je, hii ni tabia yake, au ni tabia ngeni kabisa iliyoanza juzi? Tuyachukue moja moja.

SWALI LA KWANZA: JE, NI MALEZI?

Mbwa hubeba mimba kwa takriban siku 63. Mtoto huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Kuanzia wiki ya tatu anaanza kutembea, kucheza na kuota meno. Meno hayo ya utoto ni makali kama sindano, na hapo ndipo mgogoro unapoanza, maana anayanoa kwenye matiti ya mama.

Mama naye ana mipaka. Kuanzia wiki ya nne au ya tano anaanza kuwakwepa. Anasimama wakati wananyonya, anaondoka, anapanda mahali wasipofika. Wakizidi anaguna, anaonyesha meno, mwisho anambana mmoja pua kwa mdomo wake. Mtoto anapiga kelele kana kwamba amechinjwa. Mwenye nyumba anasikia, anatoka na fimbo, mama anachapwa.

Sasa nenda ukamwangalie yule mtoto. Huna damu ya kufuta, huna jeraha la kutibu, na baada ya dakika moja amerudi kucheza. Kilichotokea ni somo. Mbwa mzima mwenye meno yanayovunja mfupa, akimbana mtoto bila kumtoboa ngozi, amepima nguvu zake vizuri kuliko sisi tunavyopima fimbo zetu. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa mbwa msemo huu ni wa kweli neno kwa neno. Mtoto aliyeonywa na mama na kuumana na ndugu zake katika mchezo anajifunza kuwa kuuma kwa nguvu kunamaliza mchezo. Anajifunza kuuma kwa kiasi.

Ndiyo maana lile zoea letu la kugawa watoto wa mbwa wakiwa na wiki nne, "wachukueni wakiwa wadogo wawazoee", lina hasara yake. Mtoto huyo ameondoka darasani kabla ya kipindi kuanza. Akikua anauma bila kipimo, anaogopa mbwa wenzake, na akikutana na watoto wa mbwa hajui afanye nini nao. Wataalamu wanashauri akae na mama hadi wiki ya nane hivi. Katika kipindi hicho, na hadi wiki ya 12 au ya 14, ndipo akili yake inapopokea kwa urahisi watu, kuku, mbuzi na kelele za pikipiki. Utafiti mkubwa wa jambo hili ulifanywa Marekani na John Paul Scott na John Fuller, na kitabu chao kikatoka mwaka 1965.

Kuna mambo mengine mawili ya kawaida yanayotisha watu bure. La kwanza, mama akishajifungua hula kondo la nyuma. Mtu akimkuta na damu mdomoni anatangaza kijiji kizima kwamba mbwa kala wanawe. Hesabu watoto kwanza. La pili, mama kumtapikia mtoto chakula. Watoto wakimlamba mdomo anatapika, nao wanakula. Si ugonjwa huo, ndio uji wao wa kwanza.

Na madume je? Wengi hufikiri dume lazima awadhuru watoto. Siyo lazima. Huko West Bengal, India, mtafiti S. K. Pal aliyefuatilia mbwa wa mitaani aliona madume yakilinda watoto wadogo dhidi ya mbwa wageni. Kwa ujumla mbwa wazima humvumilia mtoto hadi anapofikisha miezi minne hivi. Baada ya hapo wanaanza kumdai adabu kama mkubwa mwenzao, na mwenye mbwa anashangaa: "Mbona walikuwa marafiki?" Mtoto kakua, ndiyo hivyo.

SWALI LA PILI: ANALINDA NINI, ANAUMWA NINI, ANAOGOPA NINI?

Ukiona damu, ukiona mtoto amelegea, au mkubwa anamfuata mtoto aliyekwisha kujilaza chali na kusalimu amri, swali la kwanza limeisha. Haya si malezi. Lakini usikimbilie neno "ubaya". Tafuta sababu.

Sababu ya kwanza ni chakula. Nenda ufukweni asubuhi usipa wanapoanikwa, uangalie mbwa wanavyokaa. Kila mmoja ana mahali pake, na kichwa cha samaki kikidondoka vita inaanza. Mtoto asiyejua sheria anaingia katikati, anang'atwa. Nyumbani ni vilevile: makombo ya ugali yanamwagwa mahali pamoja, wakubwa na wadogo wagombanie. Halafu kumbuka kwamba mbwa anayenyonyesha anahitaji chakula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, kutegemea idadi ya watoto. Tunampa kilekile cha siku zote, kisha tunashangaa anamtolea meno mwanawe juu ya mfupa. Huyo ana njaa. Dawa yake ni sahani mbili na umbali wa hatua kumi.

Sababu ya pili ni maumivu. Titi lililovimba na kuwa la moto linamfanya mama amrukie kila anayesogea kunyonya. Sikio lenye kidonda, jino bovu, kupe waliojaa, nyonga za uzee: mtoto wa mbwa anaruka palepale panapouma, mzee anajibu. Papasa mwili wake taratibu akiwa ametulia, na anayepapasa awe mtu aliyemzoea. Akishtuka au akigeuza kichwa ghafla, jibu umelipata.

Hapa kuna hali moja ambayo kila mfuga mbwa aijue. Mama mwenye watoto wengi, hasa katika wiki nne za kwanza za kunyonyesha, anaweza kuishiwa kalisiamu mwilini kwa sababu yote inakwenda kwenye maziwa. Anahema haraka, anahangaika, anatetemeka, miguu inakakamaa, na anaweza kuwageukia wanawe. Mtu anayemwona kwa mara ya kwanza atasema ni kichaa. Kumbe akiwahiwa na daktari wa mifugo kwa sindano ya kalisiamu anaweza kusimama siku hiyohiyo. Asipowahiwa anakufa. Watenganishe watoto naye, usimpe dawa za kubahatisha, mpigie afisa mifugo.

Sababu ya tatu ni hofu na bughudha. Mama wa uzazi wa kwanza, aliyejifungulia chini ya ghala au kwenye lundo la nyasi, anataka giza na utulivu. Sasa piga picha mwezi wa sita, baridi ya milimani inauma, na watoto wa nyumba nzima wanakuja kuchukua vijibwa kwenda kuviotesha moto jikoni. Kila saa mmoja anatoka, mmoja anarudi ananuka moshi. Mama anaanza kuwahamisha usiku kucha, anawakanyaga, anawaacha. Wapo wanaofikia kuua, na wapo wanaomla mtoto aliyezaliwa mfu au mgonjwa. Inauma kuitazama, lakini chanzo chake mara nyingi ni sisi. Mpe kona kavu, majani au gunia, maji karibu, na mtu mmoja tu wa kumhudumia katika wiki mbili za kwanza.

KUNGURUMA NI KENGELE, USIING'OE

Kabla ya kuuma, mbwa huongea. Kwanza mwili unakakamaa. Akiwa anakula anaacha kutafuna, kichwa anakiinamisha juu ya chakula, weupe wa macho unaonekana pembeni. Kisha midomo inapanda, ananguruma, anauma hewani. Meno kwenye ngozi ni hatua ya mwisho. Mchezo una sura nyingine kabisa: mwili umelegea, anainamisha mbele na kuinua makalio, anayemkimbiza mwenzake baada ya muda naye anakimbizwa.

Sisi tumezoea kumchapa mbwa anayenguruma. Matokeo yake ni mbwa aliyejifunza kunyamaza. Hofu yake iko palepale, njaa yake iko palepale, ila kengele umeing'oa. Siku nyingine atauma bila onyo, na huenda aliye mbele yake akawa mtoto wa jirani. Mbwa akinguruma mwondoe mtoto wa mbwa, kisha ujiulize alikuwa anaonya kuhusu nini.

Mtu atakuja na hoja ya ubosi: "Dume lazima lijue nani mkubwa, nawe lazima ulionyeshe." Fikra hii ina historia. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamewekwa pamoja bila pa kukimbilia, wakapigana kugombea nafasi. Kitabu cha David Mech cha mwaka 1970 kikaisambaza picha hiyo dunia nzima. Lakini mwaka 1999 Mech mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuwafuatilia mbwamwitu wa porini, aliandika kwamba kundi lao la kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Anayeongoza ni mzazi. Kwa hiyo ukimkandamiza mbwa chini ili "umwonyeshe", unachomfundisha ni kukuogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inaukataza ukatili kwa wanyama, mbwa akiwamo.

SWALI LA TATU: JE, NI TABIA NGENI?

Hapa ongeza umakini, maana kosa la hapa halina sapu.

Kichaa cha mbwa hubadilisha tabia. Mpole anakuwa mkali, mkali anakuwa mpole ajabu na kujisogeza kwa kila mtu. Anauma vijiti, mawe, mnyororo. Sauti ya kubweka inabadilika. Anatoka udenda, taya linalegea, anashindwa kumeza, anatangatanga mbali na nyumbani, anayumba. Wengine hawawi wakali kabisa. Wanajificha gizani na kupooza. Mbwa mkubwa aliyeishi na watoto wa mbwa kwa amani, kisha leo anawashambulia bila chakula, bila maumivu unayoyaona, bila kuchokozwa, huyo mchukulie kuwa mshukiwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika. Takriban asilimia 99 ya wanaoambukizwa huupata kwa mbwa, na karibu wanne katika kila kumi wanaokufa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Na bado ni ugonjwa unaozuilika: chanjo ya binadamu ipo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomtibu mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa.

Tuseme mbwa mshukiwa amemng'ata mtoto wa mbwa, kisha akatokomea. Watoto wa nyumbani wanamwonea huruma yule kijibwa, wanampakata, wanamfuta kidonda, anawalamba mikono yenye mikwaruzo. Kirusi kinaweza kukaa ndani yake wiki kadhaa hata miezi kabla ya dalili, na mate yake yanaanza kuambukiza siku chache kabla hajaonekana mgonjwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa aliyeng'atwa na mshukiwa hapakatwi. Anatengwa, na afisa mifugo anaitwa aamue.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uanze chanjo, na umalize dozi zote hata kidonda kikishapona. Jeraha kubwa linaweza kuhitaji pia kinga ya ziada inayodungwa penye jeraha, kwa hiyo uliza.

Na mbwa aliyeuma? Akiwa anaonekana mzima na anaweza kufungwa kwa usalama, asiuawe. Afungwe, alishwe, aangaliwe siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, hakuwa akiambukiza siku aliyouma, na daktari anaweza kubadili matibabu kwa taarifa hiyo. Mkimuua na kumtupa siku ileile, mmeua jibu. Lakini chanjo ya mtu haisubiri siku 10. Inaanza mara moja, huku mbwa akiangaliwa. Kama mbwa tayari ana dalili wazi, msijaribu kumkamata. Waingizeni watoto ndani, mjulisheni mtendaji wa kijiji na afisa mifugo, na mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, maana kichwa kinaweza kuhitajika maabara.

Kinga yenyewe ni rahisi kuliko yote haya. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Lengo la dunia ni kufikisha sifuri ya vifo vya binadamu ifikapo 2030. Tatizo ni kwamba siku ya chanjo watu huleta mbwa wakubwa na kuwaacha watoto nyumbani, wakidhani bado wadogo mno. Katika kampeni za chanjo, watoto wa mbwa wanachanjwa pia, hata walio chini ya miezi mitatu. Wabebe kwenye kikapu. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe nzuri ya kumuuliza afisa mifugo wa kata yako chanjo inafika lini.

JIPIME

Haya, funga desa ujibu. Kesi ya kwanza: jike mwenye watoto wa wiki sita amembana mmoja pua, mtoto kalia, hana jeraha. Kesi ya pili: jike mwenye watoto nane wa wiki tatu anatetemeka, anahema, amemng'ata mmoja. Kesi ya tatu: dume mtulivu wa miaka mitano tangu juzi hali, anatoka mate, leo amewararua vijibwa wawili na kutoweka kuelekea ziwani.

Wa kwanza mwache afundishe. Wa pili mtafutie daktari leo, si kesho. Wa tatu, wakati mjumbe anakwenda kwa mtendaji, wewe pita kila nyumba njiani hadi ufukweni, uulize kama kuna mtoto aliyekwaruzwa.